Masika Ndege Ilipokwama Ifakara

Nyumba yangu iko pembeni mwa kiwanja cha ndege, upande unaoelekea Katindiuka. Ukifungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza unachokiona ni uwazi. Hakuna nyumba mbele yako, hakuna mgomba, hakuna mtu anayechota maji. Kuna nyasi, kuna njia ndefu ya udongo ulioshindiliwa, kuna mlingoti wenye mfuko wa upepo, na mbali kabisa iko milima ya Udzungwa, mara nyingi ikiwa imejifunika mawingu. Wageni husema nina bahati ya kuishi mahali penye hewa. Huwa nawaitikia tu. Wao hawajakaa hapo Jumapili mchana peke yao.

Kazi ya kukitunza kiwanja ilikuwa ya mume wangu. Alianguka akiwa kwenye baiskeli njia ya Kibaoni, wakasema ni presha, na kabla hatujamfikisha hospitali alikuwa ameshatutoka. Baada ya arobaini alikuja bwana mmoja kutoka ofisini, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kama naijua kazi ile. Nikamwambia nimeitazama ikifanywa miaka yote niliyoolewa. Akasema basi niishikilie mpaka watakapopata mtu. Hawajapata mtu hadi leo.

Si kazi ya ajabu. Nafyeka nyasi. Nafukia mashimo ya panya buku kabla gurudumu halijayaona. Nafukuza ng'ombe, na wanafunzi wanaokatiza kwenda shule. Mfuko wa upepo ukichanika naushusha na kuushona kwa cherehani yangu mwenyewe, kwa uzi wa nailoni. Na rubani akitaka kuja hupiga simu: "Mama, kiwanja kikoje leo?" Hapo natembea njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, namwambia asije.

Baba mkwe wangu alikuwa akisimulia jinsi walivyokichonga kiwanja hicho kwa majembe, wanaume wa huku mjini pamoja na wengine waliotoka upande wa Mahenge. Siku hizo masika ikiingia bonde lote lilifungwa. Mto ulijaa, kivuko kikalala, na barabara ikageuka bwawa la kambale. Dawa za hospitali zilikuja kwa ndege, barua zilikuja kwa ndege, masista walikuja kwa ndege wakiwa wameshika kofia zao. Mlio ukisikika tu, walimu walikuwa hawana tena darasa. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto niliwahi kukimbia kwenda kuitazama ndege, nikarudi nyumbani na miba miguuni na habari za wiki nzima.

Kisha likaja daraja, ikaja lami, na ndege zikaanza kupungua. Hakuna aliyelia, na hakukuwa na sababu ya kulia, maana mgonjwa sasa anafika kwa gari na mpunga unafika sokoni. Lakini kwetu sisi tuliobaki pembeni mwa kile kiwanja, ni kama kuishi kwenye kituo cha treni ambacho treni imeacha kusimama. Zilibaki ndege za madaktari wa macho, za watafiti wa mbu, na mara mojamoja za wakubwa wa serikali. Binti yangu ni muuguzi Dodoma. Mwanangu wa kiume anaendesha lori njia ya Tunduma. Wote wananipigia simu, na wote huwa na haraka.

Sasa nieleze masika ile.

Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake. Rubani aliyekuwa analeta madaktari wa macho alipiga simu asubuhi, nikakanyaga njia yote, nikamwambia katikati pagumu, pembeni asipaguse. Akasema sawa, mama. Ilipofika saa tano ndege ikatokea upande wa mto, ikazunguka, ikashuka. Ilitua vizuri kabisa, nikaona magurudumu yakishika ardhi, nikashukuru. Wakati huohuo ndama mmoja akachomoka kwenye matete na kuingia njiani akirukaruka, mkia juu, kama anayecheza.

Nilikimbia nikipunga kanga na kupiga kelele. Sijui nilidhani nani angenisikia. Rubani alikata kushoto, akampita ndama, akatoka nje ya njia kwenye udongo laini. Gurudumu la mbele likazama. Ndege ikainama, mkia ukaenda juu, pangaboi likachimba tope na kulirusha huku na huku, na bawa la kushoto likapiga kichuguu. Halafu kimya. Ni kimya hicho ninachokikumbuka kuliko kelele.

Nilifika nikiwa na ndala moja. Mlango ulikuwa umeshafunguka na madaktari walikuwa wanateremka mmojammoja, mmoja amekumbatia kasha la miwani kama mtoto mchanga. Daktari mwanamke aliyetangulia kushuka alinitazama, akaona ninavyohema, akaniuliza:

"Mama, uko salama?"

Yeye ndiye aliyeanguka na ndege, na mimi ndiye niliyeulizwa.

Hakuna aliyeumia. Rubani, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, aliizunguka ndege yake mara kadhaa bila kuigusa. Kisha akaketi kwenye nyasi, akavua viatu na soksi, akaviweka kando yake vizuri.

"Nilimwona mapema," akasema. "Ningeweza kumgonga. Ningenyoosha tu."

"Ungemgonga, ungesemaje sasa?" nikamuuliza.

"Ningesema nimegonga ndama." Akajifuta uso. "Mkono ulikataa, mama."

Mchungaji wa ng'ombe, kijana wa Kisukuma mwenye fimbo na koti la mvua, alikuja akavua kofia na kutuamkia sote kwa zamu, hata rubani aliyekuwa chini bila viatu. Ndama hakuwa na mkwaruzo.

Wenye ndege walikuja kwa gari baada ya siku chache. Walipima, wakapiga picha, wakapiga simu nyingi. Kuivunjavunja ndege na kuipakia kwenye lori, na mabawa marefu vile, waliona ni kuiharibu mara ya pili. Wakaamua itengenezwe palepale. Vijana wa mtaani waliitwa kuikokota hadi kwenye ardhi ngumu karibu na nyumba yangu, wakaifunika kwa turubai la buluu, na mimi nikaambiwa niilinde.

Mwanzoni watu walimiminika. Walikuja kutoka Kibaoni kwa bodaboda, wakasimama mbele yake, wakapiga picha, wakauliza kama ina roho ya kuruka tena. Baada ya wiki mbili tatu walichoka. Tukabaki wawili, mimi na ndege. Mvua ikinyesha mchana ilipiga kwenye turubai kwa sauti tofauti na ile ya bati langu, na nilizoea kukaa kibarazani nikisikiliza zote mbili. Ukikaa peke yako mno unaanza kusema na vitu. Mimi nilianza na kuku, ndege ikafuata. Nikienda sokoni nilikuwa naiaga.

Mvua zilipopungua walikuja mafundi kutoka Morogoro na gari lililojaa makasha. Walikuwa wengi, walikuwa na haraka, na walipiga redio. Walibadilisha injini, wakaweka pangaboi jipya na mguu mpya wa mbele, kisha wakaondoka. Wakaacha watu wawili kwa ajili ya bawa. Mmoja akaitwa nyumbani kwenye msiba siku ya pili. Akabaki mzee mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kichwa.

Nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Hakujibu. Nikarudia kwa sauti zaidi, akageuka.

"Marahaba, marahaba, mama. Samahani, sikio hili limekufa. Ukinisemesha njoo upande wa kulia. Wewe ndiye mwenye kiwanja?"

"Mwenye kiwanja ni serikali. Mimi nafyeka."

Akacheka. Alilala chumba cha wageni cha parokia na kila asubuhi alikuja kwa miguu. Siku za kwanza alifanya kazi peke yake. Alivua bati lililobonyea pembeni mwa bawa, akanyoosha mifupa ya ndani, akakata bati jipya la alumini kwa mkasi, akatoboa matundu madogo yaliyopangana kama mshono. Mimi nilikuwa nafyeka, nikipita karibu kuliko ilivyohitajika. Kisha siku moja nikaona amekaa tu kwenye kasha, nyundo yake ya upepo mapajani, anatazama bawa.

"Kuna tatizo, mzee?"

"Mwenzangu harudi wiki hii wala ijayo. Na ribiti hazipigwi na mtu mmoja." Akanitazama mikono. "Mama, mkono wako una nguvu?"

"Wa kufyeka."

"Njoo."

Alinionyesha ribiti kwanza, kipande kidogo cha alumini chenye kichwa kama uyoga. Inapitishwa kwenye tundu kutoka nje. Yeye anapiga kichwa kwa nyundo ya upepo upande wa nje. Upande wa ndani lazima awepo mtu anayeegemeza kipande kizito cha chuma nyuma ya ribiti, ili kila pigo liitandaze na kuibana. Chuma kikikaa upande, ribiti inapinda, na inabidi itobolewe, itolewe, iwekwe nyingine.

"Na mimi nitaonaje huko ndani?" nikauliza.

"Huoni. Unasikia kwa mkono."

Nilisimama juu ya kasha, nikaingiza mkono ndani ya bawa kwenye tundu la ukaguzi mpaka begani, shavu langu limebanwa kwenye bati. Yeye alikuwa upande wa juu, simuoni. Kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa limekufa na kompresa, ile mashine ya kulisha nyundo upepo, ilikuwa inanguruma, tulikubaliana tusemezane kwa kugonga. Yeye akigonga mara moja, nishike. Mimi nikisikia ribiti imekaa, nigonge mara mbili.

Siku hiyo niliharibu ribiti nyingi kuliko nilizoziweza. Hakunigombeza. Alizitoboa, akazitoa, akaweka nyingine, akagonga. Kesho yake mkono ulikataa kushika sufuria, nikapika uji kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia. Akasema, "Utazoea. Usikibane chuma. Kiegemeze tu, kama unavyoegemea mlango ambao hutaki ufunguke."

Nikazoea. Sijui nielezeje jambo hili bila kulikuza. Pigo linapita kwenye ribiti, linaingia kwenye chuma, linapanda mkononi hadi kwenye mfupa wa bega, na unajua kwamba upande wa pili wa bati lile jembamba kuna mtu, na anakutegemea uwepo pale pale, wakati ule ule. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyekuwa amenihitaji namna hiyo. Kiwanja kinanihitaji, ndiyo, lakini kiwanja hakijui nikichelewa.

Mchana tulikula pamoja kibarazani. Nilipika wali na perege, siku nyingine kisamvu, na mara moja nilimpa pepeta, ule mpunga mchanga tunaoukaanga na kuutwanga mpaka uwe bapa. Alikula akafunga nyingine kwenye leso. Kila mchana mkewe alimpigia simu, na kwa ajili ya sikio aliweka sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote, habari za mbuzi, habari za mjukuu, habari za bomba la maji lililopasuka. Baada ya siku chache mkewe alianza kunisalimia na mimi.

"Mama wa kiwanja, hujambo? Mwangalie huyo anywe dawa yake ya presha. Akishika nyundo anasahau."

"Sijambo, dada. Nitamwangalia."

Alinisimulia maisha yake kidogokidogo, kati ya tonge na tonge. Alijifunza kazi akiwa kijana kwenye karakana ya ndege Dar es Salaam, wakati ambapo kijana aliyevaa ovaroli ya ndege alipewa nafasi mbele kwenye foleni ya mkate. Kisha ndege zikapungua, zikawa zinakaa bila vipuri, na mwisho wakaambiwa waende nyumbani. Alirudi Morogoro akaunga mabodi ya mabasi miaka mingi. Anasema bati la basi linasamehe, la ndege halisamehe. Alikuwa amekwisha kujihesabu mtu wa mabasi pale iliposemekana kwamba hapo Morogoro inafunguliwa karakana ya kuunda ndege ndogo. Walimtafuta mpaka wakampata gereji.

"Kuunda kabisa?" nikauliza. "Si kutengeneza?"

"Kuunda. Vipande vinakuja kwenye makasha, vingine tunavikata wenyewe. Unaanza na mifupa, unavalisha bati, unaweka mabawa. Asubuhi moja unaingia unakuta kitu kimesimama kwa miguu yake, kinakutazama."

"Ya kwanza ilipopaa ulijisikiaje?"

Akatafuna tonge lake.

"Sikuitazama. Wenzangu wote wameinua vichwa, wanapiga makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka niliposikia imetua. Nilikuwa nazijua ribiti zake zote, mama. Ukizijua zote, huwezi kutazama."

Wakati huo maneno yalikuwa yameshaanza. Jirani yangu wa karibu, ambaye si wa karibu sana maana kuna shamba zima la mpunga kati yetu, alikuja jioni moja na boga kichwani. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya parokia. Alilitua boga, akakataa kukaa.

"Mama, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba una mzee. Kwamba unampikia. Na kuna mtu amekuona umekumbatia bawa la ndege, na yeye yuko juu."

Nilicheka kwanza, kisha nikakasirika. Nilimwambia ni kazi. Nilimwambia mzee yule ana mke na mke huyo nazungumza naye kila siku. Alinisikiliza. Sidhani kama hakuniamini. Nadhani alishangaa tu kuniona nimebadilika, maana alipofika alinikuta naimba.

Baada ya kuondoka niliwaza sana. Ukweli ni kwamba sikuwa namtaka mzee wa watu. Nilichokitaka ni kazi isiishe. Na kila siku matundu kwenye lile bati yalikuwa yanapungua, na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nasaidia kuyamaliza.

Yakaisha. Alipiga ribiti ya mwisho asubuhi, nikagonga mara mbili. Alishuka, akapitisha kiganja juu ya bawa lote, mbele na nyuma, kama anayekagua shuka kabla ya kutandika. Kisha akaniambia nipitishe na mimi. Nilifanya hivyo. Lilikuwa laini, na lilikuwa na joto la jua.

"Ribiti za huku ni zako," akasema. "Ukiona ndege hii popote, hizi ni zako."

Rubani alikuja na mkaguzi, mtu mkimya aliyechungulia kila tundu kwa tochi na kioo kidogo. Mkaguzi aliridhika, akaondoka kwa gari. Ikapangwa kesho yake rubani arushe ndege kwa majaribio, azunguke juu ya mji, atue, tule chakula cha mchana, halafu wao waondoke nayo kwenda Morogoro. Mzee angekuwa ndani. Alisema fundi asiyekubali kupanda alichokitengeneza hafai kulipwa. Nilichinja jogoo, nikachemsha kambale mkavu kwa nazi, nikaweka wali mwingi.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshakanyaga njia yote kwa kisigino. Kavu, mwanzo hadi mwisho. Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ndege, akageuka, akaniita.

"Mama, njoo. Kuna kiti."

Rubani akatikisa kichwa. "Majaribio hayabebi abiria, mzee. Wafanyakazi tu."

"Huyu ni mfanyakazi. Bawa hilo unaloenda kulijaribu, nusu ni lake."

Rubani alinitazama, akatazama bawa. Akafungua mkono kama anayesema ingia basi. Nami sikuwa nimewahi kupanda ndege. Niliishi pembeni mwa kiwanja maisha yote ya ndoa yangu, nikafyeka kwa ajili ya ndege, nikashona kwa ajili ya ndege, na hakuna siku hata moja niliyokuwa nimeona paa la nyumba yangu kutoka juu. Nilipiga hatua moja mbele. Halafu nikaona ng'ombe. Kundi lilikuwa linatoka kwenye matete kule mwisho wa njia, polepole, likila.

"Nani atazuia wale?" nikasema.

Jibu lilikuwa moja. Nilichukua fimbo yangu nikaenda. Sikukimbia. Niliwasogeza hadi ng'ambo ya mfereji, nikasimama kati yao na njia, nikanyoosha mkono juu. Injini ikaitikia. Ndege ikaja kwa kasi, ikanipita, upepo wake ukanivua kanga kichwani, na magurudumu yakaiacha ardhi mbele ya macho yangu. Mimi niliitazama. Nililitazama lile bawa la kushoto mpaka macho yakatoa maji.

Ilizunguka mji, ikapita juu ya hospitali, ikapita juu ya mashamba, ikarudi. Nilidhani inarudi kutua. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka Udzungwa, meusi, na upenyo wa angani wa kwenda Morogoro ulikuwa unajifunga. Ilipita juu yangu ikiwa chini kidogo, ikayumbisha mabawa, kushoto, kulia, kisha ikapanda na kwenda zake. Nilibaki na ng'ombe.

Nilirudi nyumbani nikakuta chakula cha watu watatu kimefunikwa kwa kawa. Turubai la buluu lilikuwa limelala chini, na mahali ndege iliposimama nyasi zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nilikaa. Sikuweza kula. Mwishowe nilipiga simu kwa jirani yangu, yule wa boga.

"Njoo tule," nikamwambia. "Kuna jogoo."

"Wageni wako je?"

"Wamekwenda."

Alikuja. Alikula vizuri, akasifu kambale, na hakuuliza kitu. Mzee alipiga simu jioni, akipaza sauti kama wanavyofanya watu wasiosikia. "Tumefika! Mawingu yametufukuza! Bawa limetulia kama godoro!" Kisha akasema nije Morogoro siku moja, nione karakana, kwamba wanatafuta watu wenye mkono.

Nilikwenda kiangazi, kwa basi, juu ya lami. Mzee na mkewe walinipokea kama ndugu. Karakana ni safi kuliko zahanati. Niliona ndege zikiwa mifupa mitupu, niliona nyingine zimevalishwa nusu, na niliona wasichana wenye ovaroli na vitambaa kichwani wakipiga ribiti wawili wawili, mmoja nje, mmoja ndani, wakicheka. Mzee alinipeleka kwa msimamizi akanisifia mpaka nikaona haya. Msimamizi alikuwa mpole. Aliuliza kuhusu cheti cha ufundi, akauliza na umri, akasema wanachukua vijana ili wawafundishe miaka mingi. Nilimwelewa. Mzee hakuelewa, alitaka kubishana, nikamshika kiwiko upande wa sikio linalosikia nikamwambia aache. Niliuliza habari za ile ndege yetu. Imeuzwa, wakasema. Inaruka nchi nyingine, huko kusini.

Nilirudi siku iliyofuata. Nilishuka Kibaoni, nikanunua nyanya na sabuni, nikasalimiana na watu, nikatembea hadi nyumbani. Nilimpigia binti yangu kumweleza nilichokiona. Alikuwa zamu, akasema atanipigia baadaye.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, kila wiki kwa mtu mwingine. Nyumba yangu ilikuwa inarukwa tangu msiba, kwa sababu ni mbali na viti havitoshi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesema waruke. Wiki ile jirani alipouliza zamu inayofuata iende wapi, nilisikia sauti yangu ikisema waje kwangu.

Walikuja alasiri, wanawake pekee, na rozari zao na mikeka waliyoibeba wenyewe. Badala ya kuzunguka kwa barabara walikatiza katikati ya kiwanja, kwenye njia yenyewe, wakitembea kwa mstari mrefu wa kanga za kila rangi, na kuzuia watu wasipite hapo ndiyo kazi yangu. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakija. Hakukuwa na ndege iliyotarajiwa siku hiyo, wala wiki hiyo. Tulisali, tukaimba, wakanywa chai kwa zamu maana vikombe vilikuwa vichache. Jua lilipoanza kuinama waliaga, wakarudi kwa njia ileile, na sauti zao zikafifia kabla hawajafika ng'ambo. Nilichota maji nikaosha vikombe.